UZI: Kupima urefu wa milima ya Mwezi kwa kivuli chake, ukiwa Tanga au Bagamoyo

Mwambani_Anga (Tanga)

Wakuu, salaam aleikum. Uzi huu ni wa kupima, si wa kutazama tu. Mwenye darubini ya milimita 114 na simu yenye kamera ya kawaida anaweza kupata urefu wa mlima ulio umbali wa kilomita 384,000 na kukosea kwa mita mia moja na kitu.

Kwanza, Mwezi mpevu haufai. Jua linaupiga uso wa mbele moja kwa moja, kivuli kinajificha nyuma ya mlima wenyewe, na mlima wa kilomita 5 unabaki kuwa doa jeupe. Milima inajitokeza kwenye mpaka wa giza na nuru, kule ambako Jua ndiyo kwanza linachomoza. Sisi watu wa pwani tunayo kalenda ya bure: siku za bamvua za Mwezi mpevu acha darubini ndani, siku za maji mafu itoe. Na maji mafu ya Mwezi unaokua ndiyo bora, maana nusu ile inakuwa karibu na utosi Jua linapozama. Huhitaji kukesha.

Mlima wa kuanzia ni Mons Piton. Uko latitudo 40.6 kaskazini, longitudo 1.1 magharibi, upande wa mashariki wa Mare Imbrium, uwanda mpana wa lava. Nimeuchagua kwa sababu tatu. Umesimama peke yake kwenye uwanda wa lava, kwa hiyo kivuli kinalala pahala tambarare. Uko karibu na mstari wa katikati ya Mwezi, kwa hiyo kivuli kinachoelekea magharibi hakionekani kimefupishwa. Na jirani yake ipo kasoko (shimo la duara) ya Cassini yenye upana wa kilomita 57, ambayo ni rula yako.

Hatua:

1. Piga video ya sekunde 30 hadi 60 kupitia darubini. Shusha mwanga hadi uwanda wa lava uwe kijivu, wala usiwe mweupe. Mwanga ukizidi, weupe unafurika ndani ya kivuli na mlima unapungua.

2. Chambua video kwa AutoStakkert, ambayo ni ya bure. Bakiza asilimia 10 hadi 20 ya fremu zilizo kali, ziunganishe.

3. Pima upana wa Cassini kwa pikseli. Tuseme ni pikseli 38. Kilomita 57 kwa pikseli 38 ni kilomita 1.5 kwa kila pikseli.

4. Pima kivuli cha Piton kutoka KILELENI hadi ncha. Tuseme ni pikseli 18, yaani kilomita 27.

5. Tafuta Jua lilikuwa juu kiasi gani pale Piton. Programu ya Virtual Moon Atlas, nayo ni ya bure, inakupa kolongitudo, C. Hii ni namba inayoonyesha macheo yamefika wapi: Mwezi ukiwa nusu unaokua ni 0, ukiwa mpevu ni 90, na inaongezeka nyuzi 12.2 kwa siku. Saa 16 hivi baada ya nusu, C ni 8. Kanuni:

sin a = cos(latitudo) × sin(C + longitudo), magharibi ikiwa hasi, na a ikiwa kimo cha Jua juu ya upeo.

Kwa Piton: cos 40.6 ni 0.759, sin 6.9 ni 0.120. Zao lake ni 0.0912, kwa hiyo a ni nyuzi 5.23.

6. Urefu = kivuli × tan a, kisha toa mbonyeo wa Mwezi (uso wa duara unavyoshuka kadiri kivuli kinavyoenda mbali), ambao ni kivuli mara kivuli, gawa kwa 3,475. Yaani 27 × 0.0916 = 2.47. Toa 729 ÷ 3,475 = 0.21. Jibu ni kilomita 2.26.

Kosa la pikseli moja hapa ni mita 114. Kwa hiyo usiandike 2,263. Andika 2.3, utakuwa umesema kweli.

Chumbageni21 (Tanga)

Mkuu, hapa duniani tunasema Kilimanjaro ni mita 5,895 kutoka usawa wa bahari. Mwezini hakuna bahari. Hiyo 2.26 ni kutoka wapi?

Mwambani_Anga

Kutoka pale ncha ya kivuli ilipogusa, basi. Kivuli hakijui kingine. Ni urefu wa kilele juu ya uwanda wa Imbrium.

Setilaiti zinatumia kipimo kingine: tufe la nusu kipenyo cha kilomita 1,737.4, wastani wa Mwezi mzima. Chombo cha leza kiitwacho LOLA, kilichomo kwenye setilaiti ya LRO iliyorushwa Juni 2009, kinapiga mara 28 kwa sekunde, na kila pigo linagawanyika madoa matano. Hesabu yake yote inaanzia kwenye tufe hilo. Sakafu ya Imbrium iko zaidi ya kilomita 2 chini yake. Ukifungua ramani ya LOLA ukakuta kilele cha Piton kina namba ndogo isiyofanana na yako, toa namba ya uwanda kutoka namba ya kilele ndipo ulinganishe.

BiKaole (Bagamoyo)

Kaka Mwambani, kazi nzuri sana, lakini kanuni ya hatua ya 5 ina pengo litakalowaumiza watu. Umelichukulia Jua kama liko juu ya ikweta ya Mwezi daima. Haliko. Linapanda kaskazini na kushuka kusini hadi nyuzi 1.5. Ni kidogo, lakini Jua lenyewe liko nyuzi 5 tu juu ya upeo, kwa hiyo hicho kidogo ni kingi.

Kanuni kamili:

sin a = sin(b) × sin(lat) + cos(b) × cos(lat) × sin(C + long)

ambapo b ni latitudo ya Jua. Programu hiyo hiyo inaionyesha karibu na kolongitudo.

Tuchukue kivuli kile kile cha kilomita 27 na C ile ile ya 8. Kama b ni −1.2, a inashuka hadi 4.45, na urefu unatoka 1.89. Kama b ni +1.2, a inapanda hadi 6.02, na urefu unakuwa 2.64. Mlima ni mmoja, picha ni moja, lakini majibu yanapishana mita 750. Mtu akipima miezi mitatu mfululizo bila b, atadhani mlima unakua na kusinyaa.

La pili ni ncha ya kivuli. Jua lina upana wa nusu digrii, halikati kivuli kama kisu. Kwa kivuli cha kilomita 27, ncha inafifia polepole kwa urefu wa kilomita 3 hivi, sawa na pikseli mbili zako. Ukipima pale weusi unapoisha utapata kifupi, ukipima pale ukungu unapoisha utapata kirefu. Chora mkondo wa mwanga kwenye programu ya picha, halafu chukua katikati ya mteremko.

Mwambani_Anga

Dada BiKaole, hilo nimelikubali bila ubishi. Watu watumie kanuni yake, ile yangu iwe kwa siku ambayo b ni sifuri tu.

Niongeze na hili: kilele kiko wapi kwenye picha? Asubuhi ya Mwezi, uso wa mashariki unang'aa na wa magharibi ni mweusi. Kilele ni pale weupe unapokutana na weusi. Wengi wanaanza kupima mguuni, pale wanapodhani mlima umeishia, na kitako cha Piton kina upana wa kama kilomita 25. Unapoteza karibu nusu ya kivuli.

Jiwe_la_Pongwe (Tanga)

Wakuu, niingie kwa upande wa mawe, kwa sababu kupima bila kujua unachokipima ni nusu ya kazi.

Siku isiyo na ukungu, kutoka Tanga ukitazama magharibi unaona Usambara. Ile ni sehemu kubwa ya ganda la Dunia, mwamba wa kale mno uliopikwa na kukandwa chini kabisa, ukanyanyuliwa kando ya nyufa taratibu kwa mamilioni ya miaka, kisha mvua na mito ikauchonga mabonde. Huku chini Amboni ni chokaa, iliyojengwa na bahari ya zama za Jura na kutobolewa mapango na maji. Mwezini hakuna chochote katika hivi. Hakuna mabamba yanayosukumana, hakuna mvua, hakuna mto, hakuna chokaa hata kijiko.

Milima mikubwa ya Mwezi ni kingo za mashimo. Kama miaka bilioni 3.9 iliyopita kilipiga kitu kikubwa kutoka angani, kikachimba beseni la Imbrium lenye upana wa kilomita 1,150 hivi. Kingo zake ndizo tunazoziita safu za milima: Carpatus upande wa kusini, Apenninus kusini mashariki, Caucasus mashariki, Alpes kaskazini mashariki. Ni duara moja lililokatika, lenye majina manne. Apenninus peke yake ni upinde wa kilomita 600. Na haikuchukua mamilioni ya miaka kusimama. Ilisimama kwa dakika na saa: ganda lilisukumwa nje, likaanguka ndani kwa mapande, na mapande hayo yakabaki yameinama pale yalipo hadi leo.

Lava ilikuja baadaye sana, ikajaza beseni kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Piton na mwenzake Pico ni mabaki ya duara la ndani lililozama. Fikirieni kisiwa cha Toten kinavyotokeza mbele ya bandari ya Tanga: kinachoonekana ni kichwa, mwili uko chini. Ndiyo maana nasisitiza kwamba ile 2.26 ni urefu wa kichwa tu.

Aina ya pili ni vilele vya katikati ya kasoko, kama Tycho na Copernicus. Hivi navyo huzaliwa kwa dakika chache. Kitu kinapopiga, mwamba wa chini unabonyezwa, kisha unaruka juu kama tone linavyorudi ukitupa jiwe kwenye maji, lakini unaganda kabla haujaanguka. Mwezini hali hii huanza kasoko ikifika upana wa kama kilomita 20. Hapa duniani inaanza kwenye kilomita 2 hadi 4, kwa sababu mvutano wetu ni mara sita na mwamba unaporomoka upesi. Kilele cha Tycho kinasimama kama kilomita 2 juu ya sakafu, na juu yake kabisa limekaa jiwe moja la upana wa mita 120 hivi, picha za LRO zinalionyesha wazi. Jiolojia inavipenda vilele hivi kuliko milima mingine yoyote ya Mwezi, maana ni kisima kilichojichimba chenyewe. Kwa Copernicus, mwanga unaoakisiwa na vilele ulionyesha madini ya olivini, jiwe la kina kirefu.

Shaka kuhusu mwamba kuruka namna hiyo ilipungua zaidi mwaka 2016, pale ilipochimbwa kasoko ya Chicxulub, Meksiko, hadi mita 1,335 chini ya sakafu ya bahari. Duara la vilele lilikutwa limejaa graniti iliyotoka kina kirefu cha ganda, na juu yake kumelaliwa na mawe yaliyoyeyuka.

Mlingotini (Bagamoyo)

Mwalimu Jiwe, vipi volkeno? Vitabu vya zamani vilisema kasoko zote ni volkeno.

Jiwe_la_Pongwe

Zipo, ila ni fupi na pana, kwa sababu lava ya Mwezi ilikuwa nyepesi kutiririka, haikurundikana kama ya Kilimanjaro. Mons Rümker ni kilima cha upana wa kilomita 70 na urefu wa zaidi ya kilomita moja kidogo. Chang'e 5 ya China ilitua kwenye uwanda wa jirani yake Desemba 2020 na kurudi na gramu 1,731. Basalti yake ina umri wa miaka bilioni 2, changa kuliko basalti yoyote ya Apollo. Vilima viwili vya Gruithuisen ni kisa kingine kabisa: miteremko ni mikali, na mwanga wake unasema vina silika nyingi. Lava nzito yenye silika, duniani, inahitaji maji au mabamba ya ganda. Mwezini havipo. Swali hilo bado liko wazi, na kwangu ni swali zuri kuliko yote ya milima ya Mwezi.

Raskazone_Usiku (Tanga)

Tuseme na waliofika. Apollo 15 ilitua tarehe 30 Julai 1971 chini ya safu hiyo hiyo ya Apenninus, kati ya Mons Hadley na mfereji wa Hadley wenye upana wa kilomita 1.5 na kina cha zaidi ya mita 300. Kufika pale iliwalazimu David Scott na James Irwin kushuka kwa pembe ya nyuzi 25, kali kuliko safari za nyuma, ili wavuke milima kwanza. Saa yenyewe ilichaguliwa kwa kivuli: Jua chini upande wa mashariki, nyuma yao, ili kila shimo liwe na weusi wake. Hata hivyo mguu ulikalia ukingo wa kasoko ndogo, na chombo kikasimama kimeinama nyuzi 11.

Walichokifuata kilikuwa jiwe la ganda la kale. Tarehe 1 Agosti, kwenye kasoko ya Spur iliyo mguuni mwa mlima wa Hadley Delta, walilikuta jiwe dogo limekaa juu ya jingine la kijivu kama limewekwa mezani. Lilikuwa na vumbi, ila pale lilipopanguswa paliangaza nyuso bapa za fuwele nyeupe. Ni sampuli namba 15415, gramu 269, karibu lote ni madini ya plagioklesi. Mwamba wa namna hii unaitwa anothositi, na umri wake unazidi miaka bilioni 4.

Uzito wake ndio unaoeleza yote. Plagioklesi ni nyepesi kuliko magma inayoizunguka. Mwezi ulipokuwa mchanga uso wake ulikuwa bahari ya magma, na fuwele hizi zikapanda juu kama mafuta ya nazi yanavyopanda chunguni. Zilizopoa juu ndizo ganda jeupe la nyanda za juu tunaloliona kwa macho. Kwa hiyo mlima wa Mwezi ni ganda la kwanza lililovunjwa na kuinuliwa, na mguuni pake unaokota vipande bila kuchimba.

BiKaole

Kuchimba nako kulikuwa na somo, Raskazone, na linafaa kwa yeyote anayeshika keekee. Apollo 15 walitakiwa kutoboa matundu mawili ya kama mita 3 kwa ajili ya vipimajoto. Yote mawili yaliishia karibu mita 1.6. Udongo wa Mwezi juu ni poda, lakini sentimita chache chini umeshindiliwa mno, maana umetikiswa kwa mabilioni ya miaka. Unga wa kuchimbwa hauna pa kwenda isipokuwa upande juu kwa mifereji iliyochongwa kwenye fito. Fito zile kwenye maungio mifereji ilikatika. Unga ukafika pale, ukasongamana, ukakaza kama kabari. Kwa safari zilizofuata maungio yalibadilishwa mifereji ikaenda moja kwa moja, na Apollo 17 walifika kama mita 2.5.

Ule uchimbaji wa kuchukua sampuli ulifika mita 2.4, ila kuung'oa kulihitaji watu wawili kuunyanyua kwa mabega.

Raskazone_Usiku

Na miteremko, dada. Juu ya Hadley Delta gari lao la kilo 210 lilianza kuteleza likiwa limeegeshwa, gurudumu moja halikai vizuri chini. Irwin alibaki amelishikilia huku Scott akiokota mawe. Mvutano ni moja ya sita, kwa hiyo mtu anadhani kupanda ni rahisi. Ni rahisi kwa mapafu, lakini mshiko wa gurudumu nao ni moja ya sita, na chini ni vumbi.

Apollo 17, Desemba 1972, walikuwa bondeni Taurus-Littrow katikati ya milima ya kilomita 2 na zaidi. Kwenye kituo cha 6, mguuni mwa mlima wa North Massif, walikuta jabali limepasuka vipande vitano, na nyuma yake alama ya kubingirika kama mita 500 juu mlimani. Kipimo cha mionzi ya anga kinasema liko pale miaka kama milioni 22, na alama bado inaonekana! Harrison Schmitt, mwanajiolojia, aliweza kuchukua sampuli za mlima ambao hakuupanda.

Kilichowasumbua ni kifuniko cha gurudumu kilichovunjwa na nyundo. Bila kifuniko, gurudumu linarusha vumbi juu ya betri, betri haziwezi kupoa, na vumbi lenyewe linakwaruza kama msasa. Waliziba kwa ramani nne zilizounganishwa kwa utepe wa gundi na kubanwa kwa vibanio vya taa.

Chumbageni21

Na mlima mrefu kuliko yote?

Mwambani_Anga

Nchi ya juu kabisa iko upande usioonekana kutoka duniani, karibu na kasoko ya Engel'gardt: mita 10,786 juu ya wastani. Inaizidi Everest, ila mteremko wake ni kama nyuzi 3. Ni mwinuko ambao ungeuvuka kwa baiskeli.

Hapa ndipo kivuli kinapodanganya. Jua likiwa nyuzi 5, kivuli ni zaidi ya mara 11 ya kimo, na kilima cha duara kinaonekana kama sindano. Michoro ya zamani yenye milima ya ncha kali ilitokana na hili. Hakuna mvua ya kuchonga makali, kuna mvua ya vijiwe vidogo visivyokoma kuyasaga. Miteremko mingi imetulia kati ya nyuzi 15 na 30.

Mlingotini

Na ncha ya kusini, wanakotaka kwenda sasa?

Jiwe_la_Pongwe

Kule kivuli ndicho kila kitu. Mhimili wa Mwezi umeinama nyuzi 1.5 tu, kwa hiyo kwenye latitudo 85 Jua halipandi zaidi ya nyuzi 6.5 mwaka mzima. Kilima cha mita 100 kinatupa kivuli cha karibu kilomita moja, na Jua likiwa nyuzi 2 ni karibu kilomita 3. Vilele vinapata mwanga karibu muda wote, mashimo hayajawahi kuuona, na humo ndimo lilimo barafu. Oktoba 2009 chombo cha LCROSS kilipiga ndani ya Cabeus kikarusha mvuke wa maji juu.

Mons Mouton, uliopewa jina la mwanahisabati Melba Mouton wa NASA, una kimo cha kama mita 6,000 na juu yake ni tambarare. Chombo Athena kilitua hapo tarehe 6 Machi 2025, kikalala ubavu ndani ya kasoko, mita 250 hivi kutoka kilipolengwa. Leza ya kupima kimo ilitoa ishara chafu karibu na ardhi, na vivuli virefu viliifanya kamera ione kasoko tofauti na zile za ramani. Paneli hazikulielekea Jua, umeme ukaisha kabla ya siku moja kutimia. Keekee yake ya mita moja ilijongea kuthibitisha kwamba inafanya kazi, lakini haikutoboa kitu.

BiKaole

Mawili ya ufundi kwa wa pwani, kisha Mwambani atupe mlima wa pili.

Mwelekeo wa picha: Februari na Machi, Mwezi wa nusu unaokua unapita kaskazini ya utosi wetu. Unaugeukia kaskazini, kwa hiyo kaskazini ya Mwezi iko CHINI, na upande uliomulikwa uko kushoto. Agosti na Septemba unapita kusini, kaskazini iko juu. Darubini ya kioo inapindua yote. Kwa hiyo kipindi cha kaskazi picha ya darubini inafanana na ramani, kipindi cha kusi inapinduka. Itafute Plato kwanza, sakafu nyeusi ya mviringo yenye upana wa kilomita 101, ndipo ujue uko wapi.

Chumvi: usiku wa upepo wa bahari kioo kinapata ukungu wenye chumvi. Usikifute kwa kitambaa. Acha kikauke chenyewe, funika, tia vifuko vya silika ndani ya bomba. Chumvi ikiganda, osha kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke yakitiririka, bila kusugua.

Mwambani_Anga

Mlima wa pili ni Mons Huygens, latitudo 20 kaskazini, longitudo 2.9 magharibi, mrefu kuliko wote wa Apenninus. Upimeni Mwezi ukiwa unakua TU. Macheo yanatupa kivuli magharibi juu ya lava tambarare. Nusu ya pili ya mwezi kivuli kinaanguka mashariki kwenye mrundikano wa mawe yaliyorushwa, na ncha yake inapanda na kushuka vilima, haipimiki.

Na hapa mbonyeo wa Mwezi si mchezo. Jua likiwa nyuzi 5, kivuli chake kinafika kama kilomita 83. 83 × 0.0875 = 7.26. Toa 6,889 ÷ 3,475 = 1.98. Urefu ni kilomita 5.28. Asiyetoa mbonyeo ataongeza karibu kilomita mbili za mlima usiokuwepo.

Mkiweka matokeo hapa, andikeni tarehe, kilomita kwa pikseli, kivuli kwa pikseli, C, b, na saa kwa UTC. Saa 2:00 usiku yetu ni 20:00, toa tatu, ni 17:00 UTC. Ukiingiza 20:00 kwenye programu iliyowekwa UTC, C inakosea nyuzi 1.5, na Piton inaongezeka mita 550 bila hata pikseli moja kubadilika.

Chumbageni21

Mkuu, na kama simu imeandika saa yenyewe kwenye faili?

Mwambani_Anga

Hakikisha kwanza: jina la faili kwa kawaida lina saa ya Afrika Mashariki, hiyo toa tatu, ila taarifa za ndani za faili la video mara nyingi ziko tayari kwa UTC. Na uangalie kama ni saa ya kuanza video au ya kumaliza, ingawa hapo utakosea dakika moja, na kwa dakika moja macheo ya Mwezi yanasogea kama mita 260 tu kwenye ikweta, chini ya moja ya tano ya pikseli yako. Hiyo iache.